Bibi Wanankhucha na Safari ya Wazigua

Ukitoka Korogwe ukavuka mto Pangani na kushika njia iendayo Handeni, waingia katika nchi ya nyika. Vilima vyake ni vidogo, miti mingi ni ya miiba, na majani hurefuka wakati wa mvua, kisha hukauka upesi jua likishika. Ukigeuka nyuma waona milima ya Usambara, ambako mvua hunyesha kwa wingi na migomba hustawi. Lakini upande huu wa mto mkulima hutazama mawingu kwa wasiwasi kila mwaka, maana mvua ya huku haina ahadi. Hii ndiyo nchi ya Wazigua. Wameenea Handeni na Kilindi na sehemu ya Korogwe, hata karibu na pwani ya Pangani.

Katika kabila hili alitokea mwanamke mmoja ambaye jina lake linajulikana zaidi katika kingo za mto ulio mbali, katika nchi ya Somalia, kuliko Handeni kwenyewe. Jina lake ni Wanankhucha. Hakuwa malkia, wala hakuacha nyumba ya mawe, wala hakuandikiwa kitabu siku za maisha yake. Alikuwa mtumwa. Hata hivyo watu wengi walimfuata wakauacha utumwa wao, na wajukuu wa watu wale wangali wakimtaja mpaka leo, baada ya miaka zaidi ya mia na hamsini. Ili kufahamu jinsi mwanamke wa nyika alivyofika huko, yapasa kwanza kujua habari za njaa.

Katika miaka ya 1830 mvua ilikosekana Uzigua, ikaja njaa kuu. Wazee huikumbuka kuwa ni njaa ya watu kula ngozi: ngozi za kulalia, ngozi za ng'ombe na mbuzi waliokwisha kufa, zikachemshwa zikaliwa. Wakati wa njaa kama ile desturi ya zamani ilikuwa mtu kumweka mtoto au ndugu rehani kwa mwenye chakula, akitumaini kumkomboa mavuno yakija. Lakini mavuno hayakuja, na aliyewekwa rehani akawa mali ya mwenye chakula. Wengine walishuka wenyewe mpaka pwani, ambako majahazi yalikuwa yakipakia watu. Masimulizi yasema kwamba wengi walidanganywa. Waliambiwa kwamba watapelekwa mahali penye kazi na chakula, kisha njaa ikiisha watarudishwa kwao. Mwenye njaa hana nafasi ya kuuliza maswali mengi, wakapanda.

Majahazi ya siku zile yalikwenda kwa pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini tangu mwezi wa Aprili hivi mpaka Septemba, na jahazi lililotweka tanga Pangani wakati wa kusi huchukuliwa upande wa kaskazini pasipo taabu nyingi. Kaskazi huvuma kutoka Desemba mpaka Machi, nayo hurudisha majahazi kusini. Maana yake ni kwamba mtu aliyeshushwa kaskazini wakati wa kusi hakuweza kurudi kwa bahari mpaka miezi mingi ipite, hata kama angekuwa na nauli na ruhusa; na hao hawakuwa na nauli wala ruhusa. Walishushwa katika bandari za Somalia, kama vile Barawa na Merka. Kutoka Pangani mpaka Barawa ni yapata kilometa 900 kwa mstari ulionyoka. Ni ajabu kwamba huko Barawa wenyeji wa kale husema Kiswahili cha namna yao, kiitwacho Chimwini, basi labda Wazigua waliokuwa wamezoea watu wa pwani walisikia maneno mawili matatu wanayoyajua wakadhani hawajafika mbali. Lakini hawakukaa pale mjini. Waliuzwa, wakapelekwa bara.

Nyuma ya miji ile ya pwani hupita mto Shebeli. Mto huu watoka katika milima ya Uhabeshi, nao haufiki baharini sawasawa, bali hugeuka ukafuata pwani na kupotelea katika mabwawa. Kando yake mna ardhi nzuri. Katika karne ya 19 matajiri wa nchi ile walianza kulima mashamba makubwa ya mtama, ufuta na pamba, ili kuuza nafaka Uarabuni na kwingineko. Wafugaji wa Kisomali hawakuipenda kazi ya jembe, maana heshima yao ilikuwa katika ngamia na ng'ombe. Kwa hiyo walitafutwa watumwa wa kulima, nao wakaletwa kwa maelfu kutoka pwani ya kusini: Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na wengine. Wazigua walikuwa wengi, tena walikuwa na jambo moja lililowatofautisha na wenzao. Walitoka nchi moja, kwa wakati mmoja, kwa sababu ya njaa moja. Walisema lugha moja, wakajua koo zao na mahali walipotoka. Mtumwa aliyenyakuliwa peke yake akiwa mtoto husahau upesi njia ya kwao. Lakini watu wa kijiji kimoja wakiwa pamoja hukumbushana.

Miongoni mwa Wazigua hao alikuwapo Wanankhucha. Masimulizi yamtaja kuwa mwanamke mwenye kubashiri, yaani mtu ambaye watu humwendea kuuliza mambo yaliyofichika na mambo yajayo. Mtu asione ajabu kwamba mwanamke alisikilizwa. Tangu zamani Wazigua walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanamke mzee katika ukoo alikuwa na neno katika shauri. Zaidi ya hayo, huko utumwani wanaume walikuwa wamevuliwa kila cheo walichokuwa nacho kwao. Hapakuwa na jumbe, wala mwenye boma, wala mwenye mifugo. Lakini kuna heshima ambazo bwana shamba hawezi kuziondoa kwa mjeledi: heshima ya umri, heshima ya kujua dawa, na heshima ya mtu ambaye neno lake limekwisha kuonekana kuwa kweli. Wanankhucha alikuwa na heshima ya namna hiyo.

Yapata miaka ya 1840 aliwaongoza Wazigua kutoroka. Nia yao haikuwa kutafuta nchi mpya. Walitaka kurudi Uzigua kwa miguu. Waliijua pande ya kwenda, maana walikuwa wamekuja wakiwa na pwani mkono wa kushoto. Wakirudi kwa miguu, yafaa pwani iwe tena mkono huo huo wa kushoto. Lakini kujua pande ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine. Kutoka mashamba ya Shebeli mpaka Handeni ni mbali kuliko kutoka Handeni mpaka Ziwa Viktoria. Njiani mna nchi kavu isiyo na maji kwa siku nyingi, na baada ya mto Juba mlikuwa na malisho ya Waoromo, wafugaji wakali wa zamani zile, mpaka kuufikia mto Tana. Tena watoro hao hawakuwa askari. Walikuwa wakulima wenye wake na watoto, wazee na wagonjwa, na nyuma yao mabwana zao waliokuwa na haki, kwa sheria ya nchi ile, kuwakamata na kuwarudisha.

Wakaenda upande wa kusini na magharibi, wakaufikia mto Juba. Kutoka Barawa mpaka bonde la Juba ni kama kilometa 150 tu, sehemu ndogo sana ya safari yote. Na hapo, yasema masimulizi, nchi ikatetemeka.

Kwa elimu ya leo yajulikana kwamba tetemeko la nchi hutokea miamba iliyo chini inapovunjika na kuteleza. Watu wale hawakuwa na elimu hiyo; kwao nchi kutetemeka ilikuwa ni neno, na neno lahitaji mtu wa kulifasiri. Wakamgeukia Wanankhucha. Akawaambia kwamba hiyo ni ishara ya kwamba wasiendelee mbele, wakae pale pale. Wakakaa.

Huenda msomaji akasema kwamba mwanamke huyu aliwavunja moyo watu wake katikati ya njia. Lakini yafaa kuyatazama mambo jinsi yalivyokuwa. Mbele yao palikuwa na nyika kavu na maadui. Nyuma yao palikuwa na minyororo. Mahali waliposimama palikuwa na maji na ardhi. Kiongozi aliyewaambia watu waliochoka, wenye kiu ya kwao, kwamba hapa ndipo, wala si kule tulikokusudia, alihitaji ujasiri kuliko yule asemaye twendeni. Naye alihitaji pia sababu ambayo hakuna mtu angebishana nayo. Kama Wanankhucha aliiona hatari ile kwa akili yake kabla ya kuiona katika tetemeko, hilo ni siri yake mwenyewe.

Mahali pale paliitwa Gosha, maana yake msitu. Bonde la Juba la chini siku zile lilikuwa limefunikwa na miti minene iliyosongamana, na ndani ya msitu ule walikaa mbung'o. Mdudu huyu mdogo ndiye aliyekuwa ngome ya Wazigua. Mbung'o huambukiza ng'ombe na ngamia ugonjwa wa nagana, na mfugaji mwenye busara hapeleki mali yake mahali penye mbung'o. Kwa hiyo msitu ambao Msomali na Mworomo waliuogopa ulikuwa kwa mtoro ndiyo nyumba ya salama. Mkulima hana haja ya ng'ombe. Akiwa na jembe, shoka na mbegu, yuaweza kuishi.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya rutuba kuliko ile waliyoiacha. Mto Juba hufurika, maji yakajaza mabonde madogo kando ya mto, kisha yakipungua huacha tope jeusi lenye unyevu. Mkulima hupanda mahindi katika tope lile hata kama mvua haikunyesha vizuri. Kwa watu waliofukuzwa kwao na ukame hii haikuwa neema ndogo. Walifyeka msitu, wakajenga vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti, wakavua samaki, wakajihadhari na mamba na viboko. Hapakuwa na amani kila siku. Walipigana na Waoromo, na baadaye na wafugaji wa Kisomali, lakini hawakurudishwa utumwani.

Habari ikaenea katika mashamba ya Shebeli kwamba msituni kuna watu huru. Watumwa wengine wakaanza kutoroka, mmoja mmoja au watu wachache pamoja, wakafuata njia ile ile. Hao waliokuja nyuma walijenga vijiji vyao upande wa juu wa mto, wakachanganyika makabila mengi, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, watoto wao wakashika lugha ya Kisomali. Wakati wa Nasibu Bundo, mkuu wa asili ya Kiyao aliyejulikana hata nje ya nchi ile, watu wa Gosha walikuwa na nguvu nyingi. Lakini Wazigua wa vijiji vya chini waliendelea kusema Kizigua chao. Wasomali wakawaita Mushunguli, nao wenyewe wakajiita Wazigula.

Je, habari za mwanamke asiyeandikwa zawezaje kuhifadhiwa? Wataalamu waliokwenda kuketi na wazee wa Juba katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 walikuta ya kuwa masimulizi si ya namna moja. Wanaume waliposimulia, mara nyingi walieleza vita, mapatano na wakuu wa vijiji. Wanawake waliposimulia, walimtaja Wanankhucha na mambo ya ukoo. Tena Wazigula walikuwa na ngoma zao za ukoo, zilizorithiwa kwa upande wa mama; na katika ngoma hizo majina ya mababu na mabibi hutajwa, na mtoto akicheza hujua yeye ni wa nani. Hivyo yale ambayo watu wengine huyaweka katika daftari, wao waliyaweka katika ngoma na katika vinywa vya bibi zao. Ni kweli kwamba masimulizi ya kinywa hubadilika. Mmoja huongeza, mwingine hupunguza. Lakini kuna shahidi mmoja asiyeweza kutungwa, naye ni lugha. Mzigula wa Juba na Mzigua wa Handeni wakikutana, husikilizana. Mwanamume kwa wote wawili ni mgosi. Watu hawawezi kubuni lugha nzima ili kuthibitisha hadithi.

Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku katika pwani ile na Waitalia mwanzo wa karne ya 20, lakini taabu haikwisha. Baada ya mwaka 1925, Waingereza walipowaachia Waitalia nchi ya Jubaland, Waitalia walianzisha mashamba makubwa ya pamba na ndizi, na katika miaka ya 1930 waliwalazimisha watu wa Gosha kufanya kazi humo. Watu ambao babu zao walikimbia shamba la bwana mmoja wakajikuta katika shamba la bwana mwingine. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 walihesabiwa kuwa raia, ila mara nyingi walidharauliwa kwa ajili ya asili yao.

Kisha ukaja mwaka 1991. Serikali ya Siad Barre ikaanguka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaenea, na bonde la Juba likawa kama ghala lisilo na mlango. Kila jeshi lililopita lilichukua nafaka. Wakulima hawakuwa na silaha wala ukoo wenye nguvu wa kuwatetea. Chakula kiliporwa, watu wakauawa, njaa ikafuata. Wakaanza kukimbia tena. Wengi sana walivuka mpaka wakaingia Kenya, wakakaa katika makambi ya Dadaab. Kutoka huko watu yapata 12,000, Wazigula na Wagosha wengine pamoja, walipelekwa Marekani tangu mwaka 2003.

Lakini wengine hawakutaka kukaa Kenya wala kwenda ng'ambo. Walikuwa wamesikia tangu utoto kwamba bibi zao walitoka nchi ya kusini iitwayo Uzigua. Basi wakashika njia hiyo, baadhi yao kwa mashua kando ya pwani, wakafika katika mkoa wa Tanga. Serikali ya Tanzania iliwapokea wilayani Handeni, kwanza Mkuiu, halafu ikawapa ardhi mahali paitwapo Chogo. Walikuwa yapata watu 3,000. Miongoni mwao walikuwamo vikongwe waliozaliwa kandokando ya Juba, ambao hawakuwa wameiona Handeni kwa macho, lakini walipowasikia wanawake wa Kizigua wakizungumza kisimani waliyafahamu maneno. Safari iliyosimama kwa tetemeko la nchi ilikuwa imemalizika, baada ya miaka 150 na zaidi, nao walioimaliza walikuwa vitukuu na vilembwe vya wale walioianza.

Wenyeji wa Handeni nao walishangaa. Wengine walikuwa wamesikia habari za ndugu waliopotea wakati wa njaa. Wengine hawakusikia lolote. Wageni walivaa na kupika kwa namna ya Kisomali, na Kizigua chao kilikuwa na maneno ya zamani na maneno ya kigeni pamoja. Baadaye Serikali ilianza kuwapa uraia. Walipewa mashamba, wakapanda mahindi, wakajenga nyumba, watoto wao wakaingia shule pamoja na watoto wa vijiji vya jirani.

Si wote walioondoka Juba. Wako waliobaki katika vijiji vyao vya mtoni hata wakati wa vita, na wako waliokimbia kisha wakarudi huko, kwa sababu mahindi ya tope la Juba hayahitaji kungoja mawingu. Huko Chogo mvua ni ile ile ya nyika ya Handeni, ambayo miaka mingine huja na miaka mingine haiji.